Tarehe ya moto ndiyo inayoamua asali ya Singida

KILA mwaka, kati ya Agosti na Oktoba, abiria anayesafiri kwa basi au treni kutoka Manyoni kwenda Itigi na kuendelea hadi Tabora hupita katikati ya maeneo makubwa ya pori yaliyogeuka kuwa meusi. Majani yameteketea, mashina ya miti yameungua na majivu yanapeperushwa na upepo wa kiangazi.

Wiki chache baadaye abiria huyo huyo akirudi kwa njia ile ile hukuta hali nyingine kabisa. Nyasi changa zimechomoza, miti ya miombo imevaa majani mapya yenye rangi nyekundu, na maua yametokeza kwenye ardhi ambayo haijapata hata tone la mvua.

Ni hali hiyo inayowafanya wananchi wengi waamini kuwa moto wa pori hauna madhara, na wengine waamini kuwa pori lisipochomwa halizai. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomgharimu mkulima.

Kwa mkoa kama Singida, unaopata mvua za msimu mmoja kati ya Novemba na Aprili, na ambao wananchi wake wanategemea alizeti, asali, mifugo na mazao ya pori, maua ya porini ni mtaji. Suala la nini kinarudi baada ya moto, kinarudi lini na nini hakirudi tena, ni suala la mfuko wa mkulima na mfanyabiashara mdogo kama lilivyo la mazingira.

Jibu lake, kwa sehemu kubwa, linategemea tarehe ambayo moto uliwashwa na idadi ya miaka ambayo pori liliachwa lipumzike kabla ya moto huo.

Njia ya tangu enzi za misafara

Njia ya Manyoni, Itigi na Tabora si ngeni katika historia. Ni ukanda ule ule uliopitiwa na misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Eneo lililo kati ya Ugogo na Unyanyembe liliogopwa na wapagazi na likajulikana kwa jina la Mgunda Mkali. Waingereza Richard Burton na John Speke walilipita mwaka 1857, na Henry Stanley akalipita mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone. Burton alilifasiri jina hilo kuwa ni shamba la moto.

Ukali uliosemwa ulikuwa wa jua, uhaba wa maji na vichaka vizito visivyopenyeka kirahisi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na baadaye ikaja barabara. Hata hivyo, pori lenyewe bado lipo katika sehemu nyingi, na ndilo linalowapa wakazi wa Manyoni na Itigi asali, kuni, dawa, uyoga na malisho.

Pori hilo ni la aina mbili kubwa, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu kila moja hupambana na moto kwa namna yake.

Aina ya kwanza ni miombo, yaani misitu iliyo wazi kiasi, yenye miti kama mtundu, muba, myenze na mninga, na nyasi chini yake. Aina ya pili ni vichaka vya Itigi. Hivi ni vichaka vilivyosongamana, vyenye kimo cha mita tatu hadi tano, vinavyopukutisha majani wakati wa kiangazi. Vichaka vya namna hii havipatikani kila mahali duniani. Vipo katika eneo hili la kati ya Tanzania na katika sehemu ndogo ya kaskazini mwa Zambia, karibu na Ziwa Mweru Wantipa.

Kinachorudi, na sababu yake

Maua yanayotokeza baada ya moto hayatoki kwenye majivu. Yanatoka chini ya ardhi, na yalikuwepo kabla ya moto.

Udongo ni kipitishi dhaifu cha joto. Moto wa nyasi unapopita haraka, juu huwa mkali kiasi cha kuua mche, lakini sentimita chache chini ya ardhi joto huongezeka kidogo tu. Hapo ndipo zilipo akiba za mimea mingi ya pori, yaani vitunguu, viazi na mizizi minene iliyohifadhi chakula na maji tangu masika iliyopita.

Moto unapoondoa majani makavu na kivuli, mwanga hufika chini, na mimea hiyo huanza kuchipua. Mmoja wao ni ule wenye ua jekundu la duara kama mpira, uitwao kitaalamu Scadoxus multiflorus, ambao hutoa ua katika mvua za kwanza. Mwingine ni Gloriosa superba, mmea unaotambaa wenye ua la rangi nyekundu na manjano ambalo petali zake hupinda kurudi nyuma. Huu wa pili una sumu kali kwenye kiazi chake, na wafugaji hawana budi kuujua.

Kundi la pili linalorudi ni la visiki. Miti mingi ya miombo ikiungua au kukatwa haifi moja kwa moja, kwa kuwa mizizi hubaki hai na kutoa machipukizi. Ndiyo maana shamba lililoachwa kwa miaka michache katika nyanda za miombo hujaa vichipukizi bila mtu yeyote kupanda mti.

Kundi la tatu ni la mbegu, na hapa mfano mzuri ni mninga, mti ambao mbao zake zinajulikana na kila fundi seremala nchini. Mche wa mninga ukiota, shina lake hufa kila kiangazi na kuchipua tena masika. Hali hiyo huweza kuendelea kwa miaka mingi huku mzizi ukinenepa chini kwa chini. Mzizi ukishapata nguvu za kutosha ndipo shina hupanda kwa haraka na kuvuka kimo cha miali ya moto. Mche huo unahitaji angalau miaka michache isiyo na moto mkali katika kipindi hicho cha kupanda. Ukiunguzwa kila Oktoba, utabaki kuwa mche wa kimo cha goti hata baada ya miaka 20, na mtu apitaye hatajua kuwa amekanyaga mninga.

Kwa hiyo rangi ya kijani inayoonekana Novemba si ushahidi kuwa pori limepona. Ni ushahidi kuwa bado lina akiba. Akiba ya chini ya ardhi hutumika kama fedha za benki. Kila moto humlazimisha mmea kutoa, na kila masika humpa nafasi ya kuweka. Anayetoa kila mwaka bila kuweka vya kutosha, siku moja hukuta akaunti tupu.

Kisichorudi

Ushahidi wa jambo hilo upo, na umekusanywa kwa miaka mingi katika nchi jirani. Mwaka 1933 wataalamu wa misitu walianzisha majaribio huko Ndola, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Walitenga vipande vya miombo. Baadhi vilizuiwa moto kabisa, vingine vikachomwa mapema kila mwaka baada ya masika, na vingine vikachomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi.

Matokeo yake yanafahamika na kila mtaalamu wa miombo. Vipande vilivyozuiwa moto vilizidi kusongamana. Vile vilivyochomwa mapema vilibaki kuwa msitu. Vile vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi vilipoteza miti yake hatua kwa hatua bila kupata mingine ya kuziba nafasi, hadi vikawa uwanda wa nyasi wenye miti michache inayostahimili moto.

Tofauti hiyo ina sababu rahisi. Mwezi Mei na Juni nyasi bado zina unyevu, usiku kuna baridi na asubuhi kuna umande. Moto huenda polepole, huruka sehemu nyingi na mara nyingi hufa wenyewe usiku. Kufikia Septemba na Oktoba kila kitu kimekauka, upepo ni mkali na miti imeanza kutoa majani mapya na maua. Moto wa wakati huo huunguza hadi vilele.

Ndola hupata mvua nyingi kuliko Singida. Kama miombo ya huko ilishindwa kustahimili moto wa kila Oktoba, ile ya Singida yenye mvua chache haina sababu ya kutegemewa kufanya vizuri zaidi.

Kwa vichaka vya Itigi hali ni ya hatari zaidi. Kichaka kilichosongamana huwa na nyasi kidogo sana chini yake, hivyo moto ukifika pembezoni mara nyingi hukosa chakula na kusimama. Kinga hiyo hutoweka pale kichaka kinapofyekwa kwa ajili ya shamba au mkaa. Mwanga huingia, nyasi huota, na mwaka unaofuata moto hupata njia. Ukirudiwa mara kadhaa, kichaka hugeuka kuwa nyika ya nyasi na miti ya hapa na pale, na hakirudi kuwa kichaka kirahisi.

Miti ya kale yenye mapango nayo huwa hairudi kwa umri wa mtu mmoja. Moto wa mwisho wa kiangazi huingia kwenye pango la mti na kuuteketeza kwa ndani. Humo ndimo wanamoishi nyuki wadogo wasiouma, ambao asali yao huuzwa kwa bei ya juu kuliko ya nyuki wakubwa.

Uyoga pia uko katika orodha hii. Aina nyingi za uyoga wa miombo unaouzwa kando ya barabara wakati wa masika huishi kwa kushirikiana na mizizi ya miti iliyo hai. Mti ukifa, uyoga wake nao hukosa mwenyeji. Mama anayeuza mafungu ya uyoga stendi anapoteza bidhaa bila kujua kuwa iliungua miaka iliyotangulia.

Hesabu ya mfugaji nyuki

Tanzania huzalisha asali inayokadiriwa kufikia takriban tani 30,000 kwa mwaka, na inatajwa kuwa ya pili barani Afrika baada ya Ethiopia. Serikali kwa miaka mingi imekadiria kuwa nchi ina uwezo wa kuzalisha tani 138,000 za asali na tani 9,200 za nta kwa mwaka. Singida ni miongoni mwa mikoa inayotegemewa kupunguza pengo hilo, na huko Manyoni ndiko iliko Hifadhi ya Nyuki ya Aghondi, inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS).

Asali ya miombo ina misimu miwili. Miti kama mtundu huchanua kuanzia Septemba hadi Novemba, kabla au mwanzoni mwa mvua, na kuwapa wafugaji mavuno madogo ya mwishoni mwa mwaka. Muba huchanua mvua zinapoelekea ukingoni, na ndio unaochangia mavuno makubwa ya kati ya Mei na Julai.

Moto wa Oktoba hukutana na msimu wa kwanza uso kwa uso. Vitumba vya maua huungua kabla ya kufunguka, na nyuki hukosa chakula wakati ule ule wanapokihitaji ili kuongeza idadi yao. Nyuki wa Afrika hawana subira ya kukaa na njaa. Wakikosa maua au wakizidiwa na moshi, kundi zima huhama na kuacha mzinga mtupu.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mfugaji ana mizinga 20. Tuseme kila mzinga humpa kilo nne katika msimu mdogo na kilo nane katika msimu mkubwa. Kwa mwaka mzima anapata kilo 240. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali huwa na uzito wa takriban kilo 28, kwa hiyo mavuno yake ni kama ndoo nane na nusu.

Moto ukipita Oktoba, msimu mdogo wote unapotea, nazo ni kilo 80. Makundi kumi ya nyuki yakihama na mizinga hiyo isipate wapangaji wapya kabla ya masika kwisha, anapoteza kilo nyingine 80 za msimu mkubwa. Anabaki na kilo 80, yaani theluthi moja ya mavuno yake, hata kama hakuna mzinga wake ulioungua. Kila mfugaji anaweza kuweka idadi yake mwenyewe na bei ya sokoni kwake, akaona moto mmoja umemgharimu kiasi gani.

Mfanyabiashara anayenunua asali hiyo naye anaingia hasara. Amekwisha kutoa malipo ya awali, ameshanunua vyombo, na gari limekwenda kijijini kurudi nusu tupu.

Alizeti nayo imo

Wapo wakulima wanaodhani kuwa habari za nyuki haziwahusu. Kwa Singida, ambayo ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa alizeti nchini, dhana hiyo ina gharama.

Ua la alizeti ni mkusanyiko wa maua madogo mengi, na kila moja linahitaji kupata chavua ili litoe mbegu iliyojaa. Nyuki ndio wachukuzi wakuu wa chavua hiyo. Wakiwa wachache, kichwa cha alizeti huweza kuwa kikubwa kwa macho lakini kikawa na mapepe katikati. Mkulima hugundua tatizo mashine ya kukamua inapompa mafuta kidogo kuliko alivyotarajia.

Alizeti iliyopandwa Desemba au Januari huchanua takriban miezi miwili baadaye, na muda wa kuchanua wa shamba moja ni mfupi. Nyuki wa kulihudumia shamba hilo lazima wawe tayari wapo na wawe wengi. Idadi hiyo haijengwi na alizeti yenyewe. Hujengwa na maua ya porini ya miezi ya nyuma. Pori lililoungua Oktoba hupeleka nyuki wachache kwenye alizeti ya Februari.

Hesabu ya mfugaji wa ng'ombe

Haitakuwa haki kumlaumu mfugaji bila kusikia hoja yake. Huchoma kwa sababu nyasi kuukuu mwishoni mwa kiangazi ni ngumu na zina virutubisho kidogo, ilhali vichipukizi vinavyofuata moto ni laini na vina protini nyingi. Moto pia hupunguza kupe. Hoja hiyo ni ya kweli.

Lakini vichipukizi ni vichache. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji takriban kilo sita za majani makavu kwa siku. Kundi la ng'ombe 30 kwa siku 90 za Agosti hadi Oktoba huhitaji zaidi ya tani 16. Moto wa Agosti huteketeza malisho ya miezi mitatu kwa jioni moja, na kinachochipua hakifidii hata sehemu ndogo ya uzito huo hadi mvua zinyeshe. Mvua zikichelewa, ng'ombe hukonda, bei mnadani hushuka, na mwenye ng'ombe hulazimika kuhama kutafuta malisho kwenye vijiji vya wengine. Migogoro mingi ya wakulima na wafugaji huanzia hapo.

Mkoani Shinyanga wafugaji walishapata jibu tofauti. Kupitia mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliofanya kazi kuanzia 1986 hadi 2004, ulifufuliwa utaratibu wa jadi wa Wasukuma wa ngitili, yaani kutenga malisho na kuyafunga wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Mwaka 1986 zilibaki takriban hekta 600 tu za ngitili zilizorekodiwa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Pamoja na malisho zilirudi kuni, dawa, matunda ya porini na asali. Mradi huo ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Miti mingi ya ngitili haikupandwa. Ilikuwa imesubiri ardhini.

Mkoani Dodoma nako, tangu mwaka 2018 wakulima wamehamasishwa kuchagua na kupogolea machipukizi ya visiki mashambani kwa utaratibu unaoitwa Kisiki Hai. Kanuni ni ile ile, ya kutunza mizizi iliyopo badala ya kungoja miche ya kununua.

Nani huwasha moto?

Moto wa Mlima Kilimanjaro wa Oktoba 2020, uliounguza takriban kilomita za mraba 95, ulitangazwa dunia nzima. Kwa upande mwingine, tathmini ya moto nchini ilionyesha kuwa kati ya 2000 na 2011 Tanzania Bara ilikuwa ikiunguza wastani wa takriban hekta milioni 11 kila mwaka, nyingi zikiwa katika nyanda za miombo. Eneo hilo ni zaidi ya mara elfu moja ya lile lililoungua Kilimanjaro, na halikutangazwa.

Wanaowasha wanafahamika. Yuko mkulima anayesafisha shamba na kushindwa kuudhibiti moto. Yuko mfugaji anayetafuta nyasi changa. Yuko mwindaji anayefukuza wanyama. Yuko mchoma mkaa aliyeacha tanuri bila ulinzi. Na yuko mrina asali mwenyewe, anayetumia mwenge wa nyasi badala ya bomba la moshi, kisha akaacha cheche chini ya mti. Huyu wa mwisho huteketeza duka lake kwa mkono wake. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao.

Sheria haikosekani. Sheria ya Misitu Namba 14 ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto na kuweka utaratibu wa kuomba ruhusa. Sheria hiyo hiyo inavipa vijiji nafasi ya kutenga misitu yao na kuisimamia. Serikali za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Singida yenyewe ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini kujaribu njia hiyo. Mwaka 1995, kabla hata ya Sera ya Misitu ya 1998, vijiji vitano vinavyouzunguka msitu wa miombo wa Mgori, vikiwamo Ngimu, Pohama na Mughunga, vilikabidhiwa jukumu la kuulinda msitu huo wenye takriban hekta 40,000, kwa msaada wa mradi uliofadhiliwa na Sweden. Kila kijiji kilipewa sehemu yake, kikaweka walinzi na sheria ndogo. Moto na uvunaji holela ulipungua, na uoto ukaanza kurudi.

Miaka iliyofuata ilileta funzo la pili. Msitu huo ulikumbwa na uvamizi wa mashamba na uchomaji mkaa. Mgori unaonyesha kuwa pori hurudi likipewa nafasi, na pia kwamba nafasi hiyo hupotea pale doria zinapolegea na wananchi wanapokosa kipato cha kuwatia moyo waendelee kulinda.

Kalenda ndiyo dawa

Kuzuia moto kabisa katika miombo kwa miaka mingi mfululizo ni vigumu, na kuna hatari yake. Nyasi hurundikana, na moto ukija huja na hasira ya miaka yote. Kwa sababu hiyo wataalamu wa misitu hushauri uchomaji wa mapema, unaofanywa kwa ruhusa, kwa vipande na kwa watu wa kutosha.

Uchomaji wa mapema nao una masharti. Usifanywe mahali pale pale kila mwaka, kwa sababu hata moto mdogo huua miche. Pori ligawanywe, sehemu ichomwe mwaka huu na nyingine ipumzike. Uzingatie pia kuwa Mei hadi Julai ni wakati wa mavuno makubwa ya asali, hivyo wafugaji nyuki washirikishwe kupanga ni wapi pachomwe na lini. Vichaka vya Itigi visichomwe kabisa. Kinachotakiwa huko ni kulinda kingo zake na kutofungua njia za nyasi ndani yake.

Kwa mwenye mizinga, palizi ya mita chache kuzunguka kila mti wenye mzinga, ikifanywa mwezi Mei, ni kinga ya gharama ndogo. Barabara ya kinga-moto kuzunguka manzuki ifyekwe kabla nyasi hazijakauka. Bomba la moshi litumike badala ya mwenge. Mizinga ya magome nayo iachwe, kwani kubandua gome la mtundu au muba huua mti uleule unaotoa asali.

Kwa mwenye shamba, majani yaliyofyekwa yakizikwa au kuachwa juu ya udongo hutunza unyevu na kuondoa sababu ya kuwasha moto. Akilazimika kuchoma, asifanye mchana wenye upepo wala asichome magogo yaliyorundikwa, kwa kuwa joto lake huoka udongo na kuua mizizi na mbegu zilizomo. Visiki vichache vikiachwa mipakani mwa shamba la alizeti vitachipua na kuwapa nyuki chakula.

Kwa mfugaji wa ng'ombe, kila kaya au kitongoji kikitenga ngitili kitakuwa na sababu yake yenyewe ya kuuogopa moto wa Agosti.

Kwa mfanyabiashara wa asali, kabla ya kutoa fedha za awali, ni vyema aulize swali moja la ziada katika kila kijiji: pori lenu liliungua lini mara ya mwisho? Jibu litamweleza mengi kuhusu mzigo atakaoupata. Wanunuzi wakianza kutoa kipaumbele kwa vijiji vinavyodhibiti moto, sheria ndogo zitapata nguvu ambayo mgambo peke yao hawawezi kuipa.

Mikutano ya vijiji inayofanyika mara baada ya mavuno, mwezi Mei na Juni, ndiyo mahali pa kuamua mambo haya. Ikifika Septemba muda umekwisha, na kinachobaki ni kukimbizana na moshi. Kijiji kitakachoweka ajenda ya moto mezani mapema, kikapanga vipande, tarehe na wasimamizi, kitakuwa kimepanga pia kiasi cha asali, maziwa na mafuta ya alizeti kitakachopeleka sokoni mwaka unaofuata.